Nukta Nyekundu Siku za Arobaini

"Hivi Mama Faridi, simu yako ikisema uongo, dhambi anaandikiwa nani?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Veridiana mwezi wa nane, mume wangu akiwa bado hai. Alikuwa amesimama penye bomba na ndoo yake kichwani, ananitazama ninavyobonyeza simu kwa kidole kimoja.

"Anaandikiwa mwenye kidole," nikamjibu.

Akacheka mpaka maji yakamwagikia begani. "Basi chunga kidole chako. Nyie watu wa Lisekese mmezaliwa maji yako miguuni, kiu ya huku juu mnaisikia kwenye hadithi."

Ndivyo tunavyotaniana. Mimi ni Myao wa Lisekese, Masasi, nimeolewa Newala miaka thelathini na nne sasa. Yeye ni Mmakonde wa hapa hapa, Mkristo wa kuimba kwaya, na nyumba zetu zinatenganishwa na mstari wa mikorosho mitatu. Mwanangu Faridi alipozaliwa, yeye ndiye aliyenikanda. Mwanawe Winfrida alipozaliwa, nilimwogesha mimi.

Bomba la mtaa liko mbele ya nyumba yangu, hatua kumi na mbili kutoka dirishani. Ufunguo nashika mimi. Kamati ya maji ilinichagua kwa kusema Mama Faridi hana upendeleo, na mimi nikaamini. Huku maji ni ya mgao. Yanakuja siku tatu kwa wiki, kiangazi kikikaza siku mbili, na kuna wiki yanasahau njia kabisa. Anayekosa bombani anateremka bondeni. Kushuka ni saa nzima, na kupanda na ndoo ni masaa mawili, kwenye njia ya mawe yanayoviringika.

Aliyenitia katika mambo ya simu ni Yasmini, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Anakaa Masasi mjini na kazi yake ni kutengeneza tovuti: maduka, nyumba za wageni, hata shule moja alishaitengenezea. Mimi tovuti siijui inapoanzia wala inapoishia, ila najua kwamba zamani alikuwa akikwama usiku kucha peke yake, akilia. Ndipo akaanzisha kundi la mtandaoni la watu wa kazi hiyo wa huku kwetu, Masasi, Newala na Tandahimba. Walianza saba. Mmoja akikwama, wenzake wanamkwamua. Mmoja akipata kazi kubwa, anamgawia mwenzake. Baadaye wakawa zaidi ya hamsini, na wakajiuliza, sasa watu wetu tunawafaidia nini?

"Mama Mkubwa," Yasmini akaniambia siku moja, "halmashauri wanayo orodha ya mabomba yote. Iko kabatini. Ikikaa kabatini inamsaidia nani? Sisi tumeiomba, wametupa. Tunaiweka wazi, kila mtu aisome bila kumwomba mtu. Ndiyo inaitwa data huria."

"Vizuri. Mimi nahusikaje?"

"Orodha inasema bomba liko wapi. Haisemi leo lina maji au halina. Kila bomba linahitaji mtu wa kulitazama."

"Mimi ni darasa la saba, mwanangu."

"Nataka jicho, sitaki cheti."

Mume wangu, Mzee Khalfan, alikuwa kitandani anasikia. Alikubali, lakini kwa sharti. Jina la mke wake lisitembee mitandaoni. Yasmini akasema hakuna shida, taarifa za bomba letu ataziingiza kwa jina lake mwenyewe. Basi ikawa kila asubuhi nikishaswali Alfajiri naenda kufungua koki, natazama, kisha namtumia neno moja. Yapo. Au, Hayapo. Yeye kule Masasi anaingiza, na kwenye ramani yao nukta ya bomba letu inakuwa ya kijani au nyekundu. Rangi ni hizo mbili tu.

Watu waliipenda. Winfrida wa Veridiana ameolewa mtaa wa pembeni, ambako bomba halijafika. Zamani alikuwa anakuja na ndoo tupu, anarudi na ndoo tupu. Sasa anatazama simu kwanza. Alinijia siku moja akapiga goti kidogo kama tulivyomlea, akasema, "Mama Faridi, mmetupumzisha kweli." Nilifurahi. Nilijiona nami ni mtu katika watu.

Mwezi wa tisa mwanzoni Mzee Khalfan akafariki. Nikakaa eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi. Ndugu walisema kazi ya bomba nimwachie mtu. Nikasema bomba liko mbele ya dirisha langu, kulitazama siyo kutoka. Veridiana akachukua kushika koki na kupanga foleni. Mimi nikabaki na dirisha na simu.

Sasa nisimulie ile Jumatatu.

Arobaini ya mume wangu iliangukia Jumatano, mwezi wa kumi, wakati jua linapasua ardhi. Hitma inataka maji. Kuna kupika, kuna kuosha masufuria, kuna watu mia na zaidi watakaotawadha. Nilihitaji mapipa manane. Huku kwetu nyumba yenye shughuli ya msiba inaachiwa bomba. Mtaa mzima unajua, hakuna anayegombana. Lakini tangu ramani ianze, bombani walikuwa wanakuja watu nisiowajua hata kwa sura, wengine na pikipiki na madumu sita sita. Hao hawaijui nyumba yangu wala marehemu wangu. Usiku wa Jumapili sikulala vizuri. Nilimwona akilini Mzee Khalfan anasomewa hitma na watu wanatafuta maji ya kunawa mikono.

Asubuhi ya Jumatatu nikasikia koki inakohoa, kisha maji yakaja, tena kwa nguvu, kama hayajawahi kukatika. Nikachukua simu. Nikajiambia kwamba maji yaliyokwisha wekewa nia ya marehemu si maji ya mtu tena, kama mbuzi wa nadhiri, yupo zizini lakini hayupo sokoni. Nikaandika: Hayapo.

Jumanne nikaandika tena: Hayapo.

Foleni haikuwapo. Walikuja wanawake wa mtaani tu, na wote walinichotea mimi. Veridiana alibeba kuliko wote. Alipita dirishani kwangu na dumu begani, jasho linamtiririka, akasema, "Leo Mungu katupenda, Mama Faridi. Hata pikipiki moja haijaja!"

Nikamjibu, "Alhamdulillahi."

Nikageuka kuhesabu mapipa.

Jumanne hiyo, jua likiwa limeanza kuinama, pipa la nane lilikuwa nusu. Simu ya Veridiana ikalia, kile kitochi chake kilichofungwa na mpira. Alisikiliza, akasema "Wapi? Wapi?" mara mbili, akaliacha dumu likaanguka, na akakimbia bila viatu. Winfrida alikuwa ametazama ramani Jumatatu, akaona nyekundu, akavumilia. Jumanne akatazama tena, nyekundu. Ndani hakuna tone, watoto wawili. Akateremka bondeni. Wakati wa kupanda jiwe likaviringika chini ya mguu wake, akaanguka na ndoo, na mfupa wa chini ya goti ukavunjika.

Hitma yangu ilisomwa. Watu walitawadha, wakala, wakasema Mama Faridi kamstahi mumewe. Mimi nilikuwa chumbani nawasikia wakimimina maji. Mwalimu wangu wa chuo cha Qurani, zamani kule Lisekese, alitufundisha kwamba maji uliyomnyang'anya mtu usitawadhie. Sikumnyang'anya mtu mkononi. Lakini nilijua.

Winfrida alifungwa plasta. Mwezi wa kumi na moja korosho zilikuwa zimetanda chini shambani kwake na yeye hawezi kuinama kuziokota. Mumewe aliokota alizoweza. Kisha mvua ya kwanza ikazikuta chini, zikaingia madoa. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umepinda kidogo kwa nje, na anatembea kama mtu anayekwepa mwiba.

Veridiana hakuacha kuja kwangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila siku anakuja, ananinunulia sokoni, ananiletea mboga, kwa sababu mimi niko eda na sitoki. Siku moja akaketi mkekani, akasema, "Nimemuuliza Winfrida, mwanangu, bondeni ulifuata nini na mama yako anachota maji mpaka mabega yanauma? Akaniambia, mama, simu ilisema hayapo. Wewe tangu uingie eda bomba hulitazami tena. Kumbe yule Yasmini wako anakaa Masasi kwenye feni anabuni tu! Anaweka rangi anayoipenda!"

Nikasema, "Eeh."

Nilisema eeh. Sikusema zaidi ya hapo.

Yasmini alipokuja kunisalimia wiki ile, akamkuta Veridiana uani. "Shikamoo mama." Veridiana akageuza uso akaanza kufagia, vumbi likamwendea mtoto wa watu usoni. Nilikuwa dirishani. Nikajifanya natafuta tasbihi.

Maneno yakafika kwenye kundi lao. Mkubwa wao ni mtu wa Masasi anayeitwa Christopher, mtu mpole, mwenye kufuatilia jambo mpaka mzizi. Watu wa maji nao walikuwa wameanza kutoa karatasi zao za kusukuma maji, kila siku, kila njia, zikawekwa wazi vile vile kila mtu asome. Christopher akalinganisha. Karatasi inasema Jumatatu na Jumanne maji yalisukumwa njia yetu, kwa masaa manane kila siku. Ramani inasema hayapo. Na aliyeandika hayapo, jina lake Yasmini.

Walikuwa na sheria yao moja ngumu, wameiweka wenyewe tangu mwanzo: anayeingiza habari ya kubuni anatolewa kundini, na kila alichowahi kuingiza kinafutwa. Yasmini alikuwa ndiye anayeingiza mabomba arobaini ya Newala. Na kutolewa kundini si kuondolewa salamu tu. Kazi zote hupitia mle. Nani atamgawia tovuti mtu anayebuni?

Akanipigia simu. "Mama Mkubwa, nina swali moja tu. Ile Jumatatu na Jumanne ya kabla ya hitma. Yalikuwepo au hayakuwepo?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mwanangu," nikasema, "mimi niko eda. Mtu wa eda hatoki."

"Sijasema ulitoka. Bomba si unaliona dirishani?"

"Siku zile nilikuwa na mambo mengi. Marehemu, wageni."

"Kwa hiyo hukumbuki?"

"Mwanangu, niache niswali."

Haikuwa saa ya swala. Nilikata simu nikakaa kitako sakafuni. Eda ni ibada, Mungu ameiweka kwa heshima ya mume, nami nimeifanya pazia la kujifichia. Alinipigia tena mara nne wiki ile. Mara mbili niliacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Ilibaki kama wiki tatu eda yangu iishe. Jumamosi moja asubuhi nikasikia pikipiki, kisha sauti ya Yasmini inabisha hodi. Alikuja na Christopher. Kundi lilikuwa linaamua kesho yake, na Christopher alikataa kuamua kwa kutazama karatasi. Alisema atakwenda kulitazama bomba lenyewe na kuwasikia wanaokaa karibu nalo.

Mwanamume wa nje hakai na mwenye eda, kwa hiyo akawekewa kiti barazani, na mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Yasmini akakaa kizingitini katikati yetu. Veridiana alikuwa ndani na mimi, anapepeta mchele wangu. Nilimwambia, "Mama Winfrida, kama una kazi nyumbani nenda tu." Akasema, "Siendi. Leo nataka nimsikie huyo mbunifu akijibu."

"Shikamoo mama," Christopher akasema.

"Marahaba baba. Karibu. Utusamehe hatukukaribishi ndani."

"Bila shaka, mama. Pole kwa msiba. Sitakuchosha." Nikasikia anakohoa. "Yasmini anasema yeye haandiki kitu mpaka aletewe na mtu wa bomba. Nikimuuliza mtu huyo ni nani, anasema hawezi kumtaja, alishaahidi. Nimemwambia basi anitolee ule ujumbe aliotumiwa. Amekataa."

Nikashtuka. Sikujua hilo. Ujumbe wangu anao. Hayapo, mara mbili, na namba yangu juu yake. Angeuonyesha tu angemaliza maneno, na yeye amekaa nao mwezi mzima kwa sababu aliahidi mbele ya Mzee Khalfan.

Veridiana akarusha mchele juu, akaudaka. "Hakuna mtu! Kabuni! Muulize kama mguu wa mwanangu nao kaubuni."

"Mama," Yasmini akasema, "mimi sikubuni."

"Nyamaza wewe. Una dada, una shangazi? Siku wakivunjika miguu ndiyo uje useme hukubuni."

"Nina mama mkubwa," Yasmini akasema. Hakunitazama.

Christopher akasubiri. Kisha akasema taratibu, "Basi, Yasmini, mimi nitarudi Masasi na nilichonacho. Kesho jina lako litatoka, na mabomba yote arobaini yatafutwa. Sikupenda iwe hivi." Kiti kikakwaruza sakafu.

Nikashika pindo la pazia.

"Kaa, baba," nikasema.

Akakaa.

"Mtu wa bomba ni mimi. Siku zile maji yalikuwepo. Mengi. Mimi ndiye niliyeandika hayapo. Yasmini aliandika nilichomwambia."

Nyuma yangu ungo ukaacha kulia.

"Kwa nini, mama?" Christopher akauliza. Hakukemea. Afadhali angekemea.

"Nilitaka mapipa manane ya hitma. Niliogopa wageni wenye pikipiki. Nikaona nikisema hayapo hawatakuja. Nilijiambia si uongo, ni maji ya marehemu. Lakini kama usingekuwa uongo, mtoto huyu aliponiuliza ningemjibu. Sikumjibu. Nilimwambia niko eda."

"Mama Mkubwa," Yasmini akasema. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. "Nilikupigia mara ngapi?"

"Mara tano."

"Nilikuwa nasema labda unaumwa."

Nikavuta mtandio wangu mbele.

Christopher akatoa kalamu. Alisema zile siku mbili zitasahihishwa, na pembeni itaandikwa ni nani aliyetoa habari isiyo kweli, ili wanaosoma wajue, na Yasmini atabaki alipo. Mimi nitaondolewa kutazama bomba. Akaniuliza kama nakubali jina liandikwe, maana kwao kila kitu huwa wazi.

"Andika," nikasema. "Adija Husseni, mjane wa Khalfan. Mume wangu hakutaka jina langu huko, Mungu amrehemu. Sasa limeingia kwa njia hii."

Akaandika. Nje kulikuwa na mtu anafungua koki. Maji yalikuwepo siku hiyo, nikasikia yanavyoanguka kwenye ndoo tupu.

Niligeuka. Sikuweza kuendelea kumpa mgongo. Veridiana alikuwa ameweka ungo mapajani, mikono yake iko juu ya mchele, haitikisiki. Hakuwa analia. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mama Winfrida," nikasema. "Nisamehe. Ulikuwa unanibebea wewe. Nilikuona unabeba na nikanyamaza."

Akaokota chuya moja kwenye mchele, akaitenga pembeni.

"Angekuja," akasema polepole. "Asingetazama simu, angekuja tu na ndoo yake kama zamani. Akukute wewe na mapipa yako ya msiba. Ungemrudisha?"

"Nisingemrudisha."

"Ungempa?"

"Ningempa. Ndoo moja, mbili. Nyumba ya msiba haimrudishi mtu na ndoo tupu. Unajua."

"Najua," akasema.

Akainuka. Ungo akauweka chini vizuri, mchele usimwagike, na zile chuya alizokwisha zitenga akazikusanya kiganjani. Akafunga khanga yake kiunoni upya. Yasmini akasogea kizingitini kumpisha, akamwambia "shikamoo mama" kwa sauti ndogo, na Veridiana akamgusa kichwani akipita. Mimi hakunitazama. Akasogeza pazia, akampita Christopher barazani, akazimwaga chuya kwa kuku, akashika njia ya kwa Winfrida.